Binti Ana 78 na Anasema Hana Akili

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina pacha, wa kike na wa kiume, wote wako kidato cha pili shule ya kutwa hapa Moshi. Ripoti za Juni zimetoka. Binti kapata hesabu 78, fizikia 71, wa 4 kati ya 58. Kaka yake hesabu 54, fizikia 49, wa 23. Jioni hiyo hiyo binti akaniambia kidato cha tatu haendi sayansi, "mama mimi sina akili, nakariri tu." Mwenzake akadakia kwamba yeye lazima achukue sayansi, maana "kichwa ninacho, sijaanza tu kusoma." Baba yao anasema kila mtoto anajijua, tusiwaingilie. Mimi sina raha. Je, ni kweli akili za wasichana na wavulana zinatofautiana? Na nifanye nini kabla ya mtihani wa Novemba? (Mama Pacha, Kiboriloni)

JIBU: Marahaba, Mama Pacha. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka peke yangu. Usinielewe vibaya. Nimefundisha hesabu miaka 19 Moshi na Arusha kabla ya kuhamia ushauri nasaha, na hizo sentensi mbili za wanao nimezisikia mpaka naweza kuzimalizia kabla mtoto hajafunga mdomo. "Nakariri tu." "Sijaanza tu kusoma." Hebu liangalie hilo neno "tu" linavyofanya kazi. Kwa binti linapunguza alichopata. Kwa kaka linapunguza alichokosa.

Swali lako la kwanza halihitaji maneno mengi. Hapana. Ukichukua kundi kubwa la wasichana na kundi kubwa la wavulana ukawapima akili kwa ujumla, wastani wao unalingana. Zipo tofauti ndogo za pembeni: wavulana hutangulia kidogo katika kuzungusha maumbo kichwani, wasichana hutangulia katika kuandika. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kukuambia nani kati ya watoto wako asome fizikia. Mwaka 2008 Janet Hyde na wenzake huko Marekani walichambua alama za hesabu za wanafunzi zaidi ya milioni 7, hawakuona pengo kati ya jinsia hizi mbili. Hapa kwetu pengo lipo. Matokeo ya hesabu ya kidato cha nne kwa miaka mingi yamewaonyesha wavulana wakiwa mbele. Sasa kama kasoro ingekuwa ndani ya ubongo wa msichana, ingemfuata kila aendako. Haiwezi kuwepo Moshi ikakosekana Marekani.

La pili ndilo lenye kazi.

Wanao wanaonekana kama wanapingana, kumbe wanaamini jambo lile lile. Binti akiitazama 78 yake anakumbuka usiku aliopiga msuli, madaftari aliyojaza, maswali aliyorudia mara tatu, anajiambia: ningekuwa na akili ningehangaika hivi? Kaka akiitazama 54 anakumbuka mpira wa Jumamosi na simu ya chini ya shuka, anajiambia: kama bila kusoma nimefika hapa, siku nikisoma itakuwaje? Wote wawili wanashika kwamba akili ni kitu mtu anazaliwa nacho, na kwamba jasho ni ushahidi kuwa wewe hukupewa. Kwa mtindo huo binti akipata 95 itakuwa ya kukariri, na kaka akipata 30 itakuwa ya uvivu. Imani ambayo hakuna alama inayoweza kuigusa haikutokana na alama. Imetoka kwingine.

Kuna utafiti mmoja ambao ningetamani kila mzazi aujue. Lin Bian, Sarah-Jane Leslie na Andrei Cimpian waliuchapisha mwaka 2017. Watoto wa miaka 5, 6 na 7 walisimuliwa habari za mtu fulani mwenye akili sana sana, bila kuambiwa ni mwanamume au mwanamke, kisha wakaonyeshwa picha za watu wanne, wawili wa kike na wawili wa kiume, wabahatishe ni nani. Wa miaka 5 kila mmoja alivutia kwake: wasichana walichagua wanawake, wavulana wanaume. Kufika miaka 6 na 7, wasichana walikuwa wameanza kulegea. Mwenye akili sana akazidi kuwa mwanamume. Wakaletewa michezo miwili, mmoja wakaambiwa ni wa watoto wenye akili sana, mwingine wa watoto wanaojitahidi sana. Wasichana wa umri huo hawakuukimbia ule wa kujitahidi. Waliukwepa ule wa wenye akili.

Lakini kilichonikalisha chini ni hiki. Walipoulizwa ni nani hupata alama nzuri darasani, wasichana hao hao walijibu: wasichana. Walijua kabisa nani anaongoza. Ila kuongoza hakukuwaambia chochote kuhusu akili. Ndivyo binti yako anavyosema na 78 mkononi.

Watoto wale ni Wamarekani, na sitaki kukuambia Kiboriloni ni Illinois. Lakini ukinibishia, nitakuomba uikumbuke Desemba ya mwaka jana, ukoo mzima ulipopanda nyumbani kwa Krismasi. Mjomba kutoka Dar amekaa na kikombe chake, watoto wanapita mmoja mmoja kusalimia. Wa kiume anaulizwa, "Hesabu vipi, unazikamata?" Wa kike anaambiwa, "Huyu katulia sana, msikivu, anamsaidia mama yake." Hakuna aliyemtukana mtoto. Hata mimi nimeyasema hayo kwa watoto wa dada yangu. Ila wa kiume kaondoka na habari kuhusu kichwa chake, na wa kike kaondoka na habari kuhusu tabia yake.

Kiswahili chenyewe kina mtego hapa. Mwalimu akiandika kwenye ripoti "anajitahidi", mzazi anaelewa nini? Sote tunajua: mtoto hana kitu, tunamtia moyo. Na akiandika "ana uwezo ila hajitumi", mzazi anarudi nyumbani akigomba, lakini moyoni anafurahi kidogo. Tumelifanya neno la bidii kuwa neno la rambirambi, kisha tunashangaa mtoto mwenye bidii akijiona maiti. Fungua ripoti za wanao, soma maoni ya mwalimu wa darasa tangu la kwanza mpaka sasa. Nitashangaa kama yote ya binti hayatakuwa na "anajitahidi" au "ana nidhamu" angalau mara mbili.

Wala siwasemi walimu nikiwa nje ya uzio. Mwaka wangu wa nane kazini, mwalimu mwenzangu alikaa nyuma ya darasa langu kipindi kizima akihesabu. Sikujua anahesabu nini. Mwisho alinionyesha karatasi: wavulana nilikuwa nawaita ubaoni kufanya swali jipya, wasichana nawaita kusoma hatua zilizokwisha kuandikwa. Mvulana akikosea nilimwuliza "umefikaje hapo?" Msichana akikosea nilimwambia "kaa, mwanangu, usijali," nikamwita mwingine. Nilidhani ni huruma. Mimi, mwanamke, mwalimu wa hesabu! Ilinichukua muda kukubali kwamba huruma yangu ilikuwa inawaambia wasichana jambo ambalo sikuwahi kulitamka.

Na tukiwa kwenye mambo ya kutotamka, mama, niruhusu nikuguse kidogo. Soko la mitumba la Kiboriloni nalijua. Nimewaona akina mama pale wakiigawa bei ya belo kwa idadi ya nguo, wakitoa nauli, ushuru na zile zilizochanika, wakajua kichwani kwamba faida inaanza nguo ya ngapi, na mteja bado hajamaliza kuuliza bei. Jioni mama huyo huyo bintiye akimletea daftari anasema, "Nenda kwa baba yako, mimi hesabu zilinishinda." Sian Beilock na wenzake, mwaka 2010, waliwafuatilia walimu wa kike 17 wa madarasa ya chini Marekani. Mwalimu alivyokuwa na hofu zaidi ya hesabu, ndivyo wasichana wake walivyozidi kuamini, mwaka ulipoisha, kwamba hesabu ni za wavulana, na walioamini hivyo alama zao zilikuwa chini. Wavulana wa darasa lile lile hawakudhurika. Kama na wewe husema zilikushinda, basi acha tu kulisema hilo mbele yake. Huhitaji kusema kingine mahali pake.

Sasa Baba Pacha na lile lake la "kila mtoto anajijua." Ningependa kumjibu kwa heshima, kwa sababu ni baba anayekataa kulazimisha, na hao si wengi. Ila hapa amekosea. Joyce Ehrlinger na David Dunning waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu maswali 10 ya sayansi. Wanawake walipata wastani wa 7.5, wanaume 7.9, yaani karibu sawa. Lakini walipoulizwa wanadhani wamepata mangapi, wanawake walisema 5.8, wanaume 7.1. Kisha, kabla hawajaonyeshwa alama zao, wakaalikwa kwenye mashindano ya sayansi yenye zawadi. Wanaume asilimia 71 walikubali, wanawake asilimia 49. Hawakuamua kwa kile walichokijua, waliamua kwa kile walichodhani wanakijua. Matokeo haya yalichapishwa mwaka 2003, na hao walikuwa watu wazima. Mtoto wa kidato cha pili anajijua kwa kipimo gani?

Utaona mpaka hapa nimemtetea binti zaidi. Lakini ukiniuliza ninamhofia nani, jibu langu ni kaka.

Binti yako ana imani mbaya na mazoea mazuri. Mazoea yatambeba. Kaka ana imani tamu na hana mazoea, na hiyo "sijaanza tu kusoma" si majigambo kama unavyodhani. Ni ngao. Mtoto asiyesoma akifeli, amefeli mvivu, kipanga bado yumo ndani. Akisoma kwa nguvu zake zote akapata 60, atabaki na nini cha kujivunia? Ndiyo maana haanzi, na ndiyo maana hataanza Septemba wala Oktoba. Tena analala chumba cha jirani na dada anayemshinda kila muhula. Bonny Hartley na Robbie Sutton wa Uingereza walionyesha mwaka 2013 kwamba wavulana wa miaka 7 au 8 tayari wanaamini wasichana ndio wa shule, na kwamba watu wazima nao wanaona hivyo. Walipoambiwa wazi kabla ya jaribio kuwa wavulana hufanya vibaya kuliko wasichana, alama zao zilishuka. Za wasichana hazikutikisika. Kwa hiyo ile "mwangalie dada yako!" inayotolewa kama dawa, kwa huyu ni sumu. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa, na kila nikisikia methali hiyo namwona mvulana wa aina hii kidato cha tano, siku hesabu zinapokataa kuingia kwa kusikiliza darasani peke yake.

Basi tufanye nini? Mabango ya "Naweza!" ukutani usihangaike nayo. Najua semina zinazouza wazo kwamba ukimwambia mtoto akili hukua, atapaa. Mwaka 2019 David Yeager na wenzake walilijaribu kwa wanafunzi wapatao 12,000 Marekani. Lilisaidia, ila kidogo, na hasa kwa waliokuwa chini. Maneno peke yake hayafiki mbali. Kinachofika ni mtoto kuona kwa macho yake.

Binti mjaribu hivi. Tafuta mitihani ya kidato cha pili ya miaka iliyopita, inauzwa hata kwa wauza vitabu wa mjini, umchagulie swali la hesabu ambalo halijafanana na yale ya daftarini. Usimsaidie, na wala huhitaji kulijua jibu. Mwambie akueleze kwa Kiswahili anachofanya, hatua kwa hatua, kama anamfundisha jirani. Anayekariri atakwama hapo hapo, kwa sababu hana cha kukariri. Asipokwama, muulize swali moja tu: "Hili ulikuwa umelikariri wapi?" Kisha nyamaza.

Akikwama, usiharakishe kuhukumu. Chunguza kwanza kama amekwama kwenye hesabu au kwenye Kiingereza cha swali. Watoto wetu wanatoka darasa la saba la Kiswahili, wanaingia kidato cha kwanza wanakuta kila kitu kimegeuka lugha, na aliyekuwa kipanga shule ya msingi anajikuta kilaza ndani ya wiki mbili. Wengi hawajawahi kurudi kuligundua hilo. Wanadhani akili ndiyo iliyoisha.

Kama unataka mfano wa karibu wa namna kipimo kinavyoweza kumdanganya mtu, uko Bagamoyo. Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto wa shule wa huko vipimo vya kufikiri, kisha wakawafundisha kwa muda mfupi sana, chini ya saa nzima, mbinu za kushughulikia maswali ya aina ile, wakawapima tena. Alama zilipanda, na mpangilio wa nani yuko juu ya nani ukabadilika. Ilichapishwa mwaka 2002. Watu hupenda kusema akili ni nywele, kila mtu ana zake, wakaishia hapo. Nywele si huota?

Kuhusu sifa, badilisha unachokisifia. Claudia Mueller na Carol Dweck mwaka 1998 waliwasifu watoto wa miaka kama 10 hadi 12 kwa sentensi moja tu baada ya jaribio jepesi: kundi moja "una akili", jingine "umefanya bidii". Walipopewa maswali magumu wakafeli, kisha wakarudishiwa mepesi, walioitwa wenye akili walifanya vibaya kuliko mwanzo. Walipotakiwa kuandika alama zao kwa ajili ya mtoto wa shule nyingine, karibu wanne kati ya kumi wa kundi hilo waliongeza. Sentensi moja, mama. Kwa hiyo kaka asiitwe tena jiniasi wa nyumba, hata kwa utani. Lakini kwa binti usiishie kwenye bidii, maana hilo neno keshalisikia na tayari analitafsiri vibaya. Sifia alivyofikiri: "Hapo ulipogundua njia ya kwanza haifai ukabadilisha, uligunduaje?" Kuligundua hilo ndiyo akili yenyewe, na anahitaji kuisikia ikiitwa kwa jina lake.

Mruhusu pia kuuliza maswali ya kijinga mezani. Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu wa moto umeganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Aliuliza, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, katika shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, naye akauliza tena mbele ya profesa mgeni, Denis Osborne, wenzake wakacheka, na mwaka 1969 yeye na Osborne wakachapisha pamoja. Leo jina lake limo katika fizikia ya dunia nzima. Kila nikiisimulia hadithi hii najiuliza kama angekuwa msichana angeuliza mara ya pili, na sipendi jibu linalonijia.

Swali la sanaa au sayansi usilifunge sasa. Mimi si katika wale wanaoona asiyesoma fizikia amepotea. Kama binti anapenda historia na anataka kuwa wakili, mpe baraka zako. Lakini mwambie sababu ya kuondoka iwe ni kile anachokiendea. "Sina akili" si sababu, hasa kwa mwenye 71. Kaka naye mwacheni aitake sayansi, ila aambiwe kwamba 49 haitamfikisha, na kwamba hakuna atakayemcheka akisoma kwa bidii akapata 60. Hilo la pili Baba Pacha ndiye alitamke. Kutoka kwako atalichukua kama huruma.

Kitu cha mwisho kinaanza na jaribio lao lijalo, lolote. Usiku wa kuamkia, kila mmoja aandike kwenye karatasi alama anazotarajia, aikunje, aitie kwenye bahasha, bila kumwonyesha mwenzake. Alama zikirudi, kila mmoja afungue yake peke yake, na wewe. Fanyeni hivyo kila jaribio mpaka Novemba. Naweza kubahatisha utakachokiona: binti ameandika chini ya alichopata, kaka juu. Mara ya kwanza watasema ni bahati. Mara ya tatu hawatakuwa na neno la kusema, na hapo ndipo mazungumzo yatakapoanza. Na kwenye bahasha hiyo hiyo tieni karatasi mbili zaidi, yako na ya baba yao, kila mmoja ameandika anachomtarajia kila mtoto. Zenu zifungueni ninyi wawili, watoto wakishalala.